"Mzee, wewe haya unayajua": uzoefu wangu wa kutembezwa kwa miguu katikati ya Dar es Salaam

Nimeishi Dar es Salaam tangu ujana wangu, na sikuwahi kudhani kwamba ipo siku ningelipa fedha ili nitembezwe Barabara ya Samora, njia niliyoipita kwa miaka mingi nikienda kazini na kurudi. Nililipa kwa ajili ya mjukuu wangu. Alikuja kutoka Mwanza shule zilipofungwa, ana miaka kumi na mmoja, na kila jengo tulilolipita tukiwa kwenye daladala alitaka kujua limejengwa na nani na kwa nini. Majibu yangu yalikuwa yameanza kuisha, au niseme kweli, yalikuwa yameanza kurudiarudia. Ndipo nikaona tangazo la kampuni moja, ambayo sitaitaja jina, inayowatembeza watu kwa miguu kutoka Mnara wa Saa hadi Boma la Kale, na tangazo lenyewe lilisema waziwazi kwamba maelezo hutolewa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimejaribu mara mbili kuyaandika haya kwa mpangilio, kuanzia mwanzo wa njia hadi mwisho, na mara zote mbili nimejikuta kwenye Sanamu ya Askari. Basi naanzia hapo.

Tulikuwa watu saba: mimi na mjukuu, mume na mke kutoka Uholanzi, vijana wawili wa Kitanzania ambao nadhani walikuwa wachumba, na mama mmoja wa Kihindi mwenye mwavuli. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mtanashati mwenye kipaza sauti kidogo alichokifunga kiunoni. Tangu tulipokutana chini ya Mnara wa Saa hakuniamkia. Neno "shikamoo" halikumtoka, ingawa mimi ni mtu wa umri wa baba yake, na ingawa wale Waholanzi aliwapa mikono yote miwili. Nilimvumilia. Nilijiambia kwamba labda ana mambo mengi kichwani asubuhi, na kwa kweli maelezo yake kuhusu mnara ule, kwamba ulijengwa kuadhimisha mji wetu kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961, yalikuwa mafupi na sahihi. Yalikuwa kwa Kiingereza. Nikadhani Kiswahili kitafuata, lakini yeye akaanza kutembea.

Tulipofika kwenye sanamu, pale Samora inapokutana na Azikiwe, akasimama akipa mgongo upande wangu na kuanza tena kwa Kiingereza cha kasi, ambacho mimi nakifuata kwa kukaza masikio na mtoto hakifuati kabisa. Aliposita kunywa maji, nikauliza swali moja tu, kwa adabu: kijana wangu, mweleze na huyu mtoto, kwa nini watu wa zamani walipaita hapa Bismini? Akageuka, akatabasamu, akasema: "Mzee, wewe haya unayajua, si mwenyeji wewe? Wacha kwanza niwamalizie wageni."

Ni kweli, nayajua. Najua kwamba pale palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyowekwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwamba Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Kwamba askari huyu wa shaba, kumbukumbu ya wanajeshi wa Kiafrika wa vita hivyo, aliwekwa mwaka 1927, na kwamba wenyeji waliokuwa wakilitamka jina la Wissmann kwa ndimi zao wakabaki na Bismini hata mwenyewe alipokwisha kung'olewa. Lakini mwenye kuuliza si lazima awe hajui. Nilimuuliza ili mtoto asikie kwa mtu mwingine, kwa sababu babu akisema jambo lile lile kila jioni mtoto hulichukulia kuwa ni hadithi ya babu, na akilisikia kwa mtu mwenye kitambulisho shingoni hulichukulia kuwa ni historia. Hilo ndilo nililokuwa nimelilipia.

Na kilichonikera zaidi, kikanifanya niliposhika simu jioni ile niipe kampuni ile nyota moja mtandaoni bila kusita, ni kwamba maandishi ya sanamu yenyewe yameandikwa mara tatu: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na Kiingereza. Waingereza wa mwaka 1927, wakoloni kabisa, waliona haja ya kumwandikia mwenyeji jambo lile kwa lugha yake, tena kwa hati mbili ili asikose kusoma. Kijana wetu wa leo akaongoza macho ya wageni moja kwa moja kwenye Kiingereza, akawasomea, akaeleza kwamba maneno yale yalitungwa na Rudyard Kipling, kisha akaonyesha jinsi singe ya askari inavyoelekea bandarini, akaondoka. Kiswahili hakukigusa. Wakati huo mjukuu wangu alikuwa amekwisha kuinama na kuanza kusoma mwenyewe, polepole, kidole hewani, naye alikuwa bado hajafika kwenye wapagazi, wale ambao maandishi yanawataja kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Kikundi kilikuwa kimeshavuka barabara.

Nilitaka kuondoka hapohapo, nimchukue mtoto tukale chipsi turudi nyumbani. Kilichonizuia ni binti mmoja, msaidizi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mwisho wa msafara asije mtu akapotea au akagongwa na bodaboda. Hakuwa na kipaza sauti. Alisimama, akamngoja mtoto amalize mstari wa mwisho, kisha akaniambia, "Shikamoo babu, sikukuamkia pale mwanzo, nilikuwa napokea malipo." Halafu akamuuliza mjukuu kama anajua soko kubwa la Dar es Salaam linaitwaje. Mtoto akasema Kariakoo. Akamwambia kwamba jina hilo limetoka kwa wapagazi haohao aliosoma habari zao sasa hivi, kwa kuwa kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps na kambi yake ilikuwa kule, na watu wakalitamka walivyoweza. Mtoto akacheka, akalirudia neno mara tatu. Yule mkubwa akiwa mbele aliinua mkono kumwashiria binti aharakishe.

Kwa hiyo nyota moja haikuwa haki, na niliporudi kuitazama niliibadilisha kuwa tatu. Njia yenyewe imechaguliwa na mtu anayeujua mji. Kutoka kwenye sanamu unakwenda chini ya miti hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 na Stuhlmann, Mjerumani aliyesimamia kilimo, kwa ajili ya kujaribia mazao ambayo serikali yake ilitaka yalimwe nchini. Humo mna mnazi wa Shelisheli, ule wenye nazi kubwa zilizoungana mfano wa pacha, na mjukuu wangu alikataa kabisa kuamini kwamba ni nazi. Jirani ni Makumbusho ya Taifa, ambayo hatukuingia kwa kuwa haikuwa katika bei, na Ukumbi wa Karimjee, ambapo Mwalimu aliapishwa kuwa Rais mwaka 1962. Kutoka hapo unatokea baharini, upepo unakupokea, unapita hospitali ya Ocean Road ambayo majengo yake ya Kijerumani ni ya miaka ya 1890, halafu Ikulu, ambako simu zote huingia mifukoni maana picha haziruhusiwi. Hapo kijana wetu, nikiri, aliwaambia wote kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kumbe Kiswahili anakijua vizuri. Hilo halikunituliza hata kidogo, liliniongezea hasira.

Feri, kwenye soko la samaki, tulipita haraka kwa sababu ya harufu ya samaki na jua, ingawa mimi ningependa tukae pale kuliko mahali pengine popote, tuwasikilize wanadi wa mnada. Tukarudi kwa Barabara ya Kivukoni hadi kanisa la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu, na baadaye kanisa la Mtakatifu Joseph, yote mawili yakiwa ya miaka ileile ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Muuza kahawa alipita na birika lake. Nikanywa vikombe viwili na mtoto akala kashata. Nataja hili kwa sababu ndicho kituo pekee katika safari nzima ambapo mtu alizungumza nami kwanza.

Kwenye Boma la Kale tulikuwa tumeshagawanyika makundi mawili bila mtu kuamua. Mbele walikuwa Waholanzi na kipaza sauti. Nyuma tulikuwa sisi, na wale wachumba, na hata mama wa mwavuli, ambaye kumbe ni mzaliwa wa Upanga na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, sote tumemzunguka binti. Alimwambia mtoto aweke kiganja ukutani, akamweleza kwamba mawe yale ni matumbawe yaliyotolewa baharini, na kwamba jengo lilijengwa kati ya 1866 na 1867 ili Sultani Majid wa Zanzibar apate pa kuwalaza wageni wake alipokuwa akijenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Mtoto akauliza kama Sultani aliumaliza mji wake. Binti akasema hapana, alifariki mwaka 1870, na kazi ikasimama. Mjukuu wangu akakaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo wageni walimalizia wengine." Sijui alimaanisha nini, lakini niliandika.

Napenda kuwa mwadilifu. Bei ya mwenyeji ni ndogo kuliko ile wanayotozwa wageni, na yawezekana kijana yule alipiga hesabu kichwani akaona nani anastahili dakika zake. Kama ndivyo, waandike hivyo kwenye tangazo: mwenyeji analipa kidogo na anasikiliza kidogo. Nisingelalamika, ningekwenda na mtoto peke yetu, tukasoma sanamu kwa kasi yetu. Nilipofika kwenye wazo hili nilishusha tena nyota zikawa mbili.

Niliwaandikia ujumbe nikaeleza yote, kwa Kiswahili, kwa upole ambao mke wangu alisema umepitiliza. Jibu lilikuja siku kadhaa baadaye. Mistari miwili ya shukrani, kwa Kiingereza.

Sasa shule zinakaribia kufungwa tena, na mjukuu anapiga simu kila Jumapili kuuliza kuhusu ile njia yao nyingine, ya Mnazi Mmoja hadi Kariakoo. Nimewauliza kama yule binti ndiye anayeiongoza. Wamesema ndiyo, amepewa msafara wake mwenyewe, na safari hii wamesema kwa Kiswahili. Nyota nimezirudisha tatu. Sijalipa bado, ila namba ya malipo nimeihifadhi.