The Evil Dead: muvi ya hela kidogo, hofu ya kutosha

Karibuni tena, watazamaji wetu. Leo tunachambua The Evil Dead ya Sam Raimi, mwaka 1981, dakika 85. Vijana watano wako kwenye nyumba ya mbao porini, wanafungulia kanda ya sauti yenye maneno ya kuita mashetani, na kuanzia hapo wanapandwa mmoja baada ya mwingine.

Mnatuuliza sana: raha iko wapi kwenye muvi ambayo damu yake unaiona kabisa siyo damu? Raha iko kwenye ufundi wa watu wasio na hela. Damu ile ni sharubati nzito ya mahindi, rangi nyekundu ya chakula na krimu ya unga ya kahawa. Krimu ndiyo yenye kazi. Sharubati peke yake inapitisha mwanga, ukiipiga picha inakuwa kama jeli. Krimu inaifanya iwe nzito machoni. Ubaya wake, ikikauka shati linakakamaa.

Halafu lile pepo la porini. Humuoni hata mara moja, unaona anachokiona yeye. Kamera ilifungwa katikati ya ubao, watu wawili wakashika ncha, huku na huku, wakakimbia nayo karibu na ardhi. Ubao unapunguza mtikisiko wa hatua, kwa hiyo picha inakujia kwa kasi, inayumba kidogo tu. Kwetu hiyo inatisha kuliko jini la kompyuta, na waliokulia na Shumileta, muvi ya kutisha ya Kibongo ya Mussa Banzi, wanatuelewa.

Kasoro ipo, na ni kubwa: tukio la miti kumdhalilisha dada mmoja. Halikuwa na sababu yoyote. Watoto wasiwepo sebuleni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana wengi wanaharibu hapa. Ukienda kuingiziwa muvi kwenye flashi, usichukue iliyotafsiriwa. Tunawapenda wasimuliaji wetu, ila hapa sauti yao inafunika kila kitu. Mwanzoni kabisa bembea ya barazani inagonga ukuta, du, du, du. Scotty, mmoja wa wale vijana, anapapasa juu ya mlango, anashika ufunguo, bembea inasimama papo hapo. Usiposikia kile kimya, umeikosa muvi. Hata feni inakiua, kwa hiyo vaa spika za masikioni, au izime na joto la Dar ulivumilie kwa dakika chache.

Kwenye runinga, ingia mipangilio ya picha, zima kile kinacholainisha mwendo. Kikiwaka, muvi inageuka tamthilia ya saa mbili usiku. Nyuso zikionekana pana kama zimekandamizwa, picha imevutwa ijaze kioo: rudisha umbo lake la asili, hata kama itabaki mistari myeusi pembeni. Na zile chengachenga zisikutie wasiwasi. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, kisha ikakuzwa ionyeshwe kwenye majumba ya sinema, chenga zikakua nayo. Kopi yako ni nzima, usimrudishie muuzaji.