Nilienda na mtoto kitalu cha mimea ya ukame hapa Dodoma, uzoefu wangu

Kama una mtoto mdogo na unataka kwenda kwenye hivi vitalu vya kaktasi na mimea ya ukame vilivyoanza kuota pembeni ya mji, nenda, ila nenda asubuhi. Ikifika saa tano jua la huku mnalijua wenyewe, na huu upepo wa mwezi wa nane unamjaza mtoto vumbi hadi kwenye kope.

Kilichonikosha ni mzee anayehudumia. Nikampa shikamoo, akaitikia, halafu akamgeukia mwanangu "mbukwa!", mtoto wa miaka minne hajui Kigogo hata kidogo akabaki anacheka, hapo hapo akapewa kopo la rangi limetobolewa matundu chini, haya mjukuu wangu mwagilia mstari huu. Yani alikuwa bize kiriba hadi kiriba (vile vifuko vya plastiki vya miche), na mimi nikauliza maswali yangu yote bila kuvutwa gauni.

Mi nilifuata miche ya zabibu. Mzee anatumia pingili zinazobaki wakati wa kupogoa, kila kipande kina macho (pale panapochipukia) matatu manne, anachomeka mawili chini kwenye udongo wa mchanga na samadi iliyooza. Akang'oa mmoja anionyeshe, mizizi myeupe imetoka kama nyuzi, akaurudisha taratibu. Elfu mbili mche mmoja. Akanambia kabisa mwaka wa kwanza usitegemee kitu, pambana na mchwa kwanza, ukishaanza kuzaa ndo unapogoa mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara mbili. Muuzaji anayekwambia ukweli kabla hujalipa ni wachache jamani.

Sasa lawama. Yale mawaridi ya jangwani, yenye shina limevimba chini na maua ya pinki, yamepangwa chini kabisa usawa wa mkono wa mtoto, na mengine yametoka kukatwa matawi utomvu bado unachuruzika. Ile kitu ni sumu, Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanaipaka kwenye mishale ya kuwindia! Pembeni yake kuna minyaa, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja. Hakuna kibao wala kamba. Nikamwambia mzee, akanijibu "mama, watoto wa huku wanajua". Wa huku sawa, wangu kakulia kwenye vigae. Kwa hiyo waridi sikununua japo roho iliniuma, lile jekundu lilikuwa zuri balaa.

Kaktasi mwanangu alizigusa, zikamchoma kidogo, akaendelea na kumwagilia zake.

Choo kipo ila beba maji yako. Bei hazijaandikwa popote, inabidi uulize mmoja mmoja, na ukiongea vizuri mzee anapunguza. Malipo ya simu wanapokea ila mtandao pale unasumbua, nenda na keshi.