Kulala hekaluni Koyasan: huku ni Shingon, si Zen

Tunayapa malazi ya mahekalu ya Koyasan, mlima katika mkoa wa Wakayama, Japani, nyota nne kati ya tano. Wengi wanaoondoka wamenuna walitarajia Zen, yaani kukaa kimya mbele ya ukuta. Anayetaka hayo aende Eiheiji, hekalu la Soto, tawi la Zen. Mlima huu ni wa Shingon, Ubudha wa siri ambao mtawa Kukai aliutoa China na kuujengea makao hapa kuanzia mwaka 816. Hapa utakuta mantra (maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa), mandala (michoro mitakatifu) na moto.

Moto ndio utamu wenyewe. Katika ibada ya goma, kuhani huchoma vijiti vya mbao madhabahuni huku sala zikisomwa. Si kila hekalu huifanya, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Ibada ya kawaida ya asubuhi huanza kati ya saa 12 na saa 1. Tafakuri yao ni ajikan: unatulia ukiikazia macho herufi A ya Kisanskriti.

Bei ni kwa kichwa, si kwa chumba, pamoja na milo miwili. Hakuna nyama, samaki, vitunguu wala kitunguu saumu. Mchuzi hutokana na mwani na uyoga. Goma-dofu, licha ya jina la tofu (jibini la soya), haina soya hata kidogo: ni ufuta uliosagwa na kupikwa na wanga wa mzizi wa kuzu, mmea utambaao, hadi ugande, laini ajabu. Koya-dofu ni tofu iliyogandishwa kisha ikakaushwa, ndiyo maana hufyonza mchuzi kama sifongo. Muislamu aulize kuhusu mirin, kiungo chenye kileo, maana chakula kukosa nyama hakumaanishi hakina pombe.

Nyota tuliyoinyima ni ya vyumba. Milango ya karatasi haizuii sauti, bafu ni la pamoja, na kwenye mwinuko wa mita 800 hivi baridi ya Januari ni kali.

Kutoka Namba, Osaka, panda treni ya Nankai hadi Gokurakubashi, kisha treni ya kebo dakika 5, kisha basi. Barabara ya kutoka kituo cha juu hairuhusu waendao kwa miguu. Fika kabla ya saa 11 jioni, kwani chakula hakimngoji mtu.

Asubuhi nenda Okunoin, kwenye kaburi la Kukai, njia ya kilomita 2 katikati ya makaburi zaidi ya 200,000. Wafuasi huamini Kukai yumo humo akitafakari tangu mwaka 835, na hupelekewa chakula mara mbili kila siku. Wahi saa 4 na nusu uwaone watawa wakikibeba. Ukivuka Gobyobashi, daraja lililo mbele ya kaburi lake, kamera ifungwe na kofia ivuliwe.