Ruta ya kutengenezea konisi ya mbao: kabla ya kuuliza wati, pima koleti

Malalamiko ya mafundi wa Mafinga, Makambako na Mbeya mjini yanafanana kama yametoka mdomo mmoja. Ruta, mashine ya kuchonga nakshi, ni mpya; biti, kisu chake kinachozunguka, ni kali; mbao zimekauka, lakini konisi, ule urembo unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na dari, ikipandishwa ukutani kona hazikutani. Kipande kimoja kimekatwa kina kuliko mwenzake. Tofauti ni nusu milimita tu, ila taa ikiwashwa jioni kivuli kinaianika yote. Fundi analaumu mbao, mwenye nyumba anamlaumu fundi, na muuzaji wa ruta yuko dukani kwake hana habari.

Mara nyingi kosa liko kwenye koleti, kile kipande kidogo chenye mipasuko kinachobana shina la biti, yaani mkia wake usiokata. Hakuna anayeiuliza wakati wa kununua. Kwa hiyo hapa sitakaa kwenye wati, uzito wala urefu wa waya. Hayo yamechapwa kwenye boksi na kila muuzaji anajua kuyasoma kwa sauti.

Sehemu saba za kumi za milimita

Koleti ziko za aina mbili. Kuna za milimita: 6, 8 na 12. Kuna za inchi: robo inchi, ambayo ni 6.35, na nusu inchi, ambayo ni 12.7. Dukani zote zinaitwa "ndogo" na "kubwa", basi. Ukiuliza unaambiwa, "Bosi, hii inakubali biti zote." Haikubali.

Chukua biti ya shina la 12 uitie kwenye koleti ya 12.7. Koleti haikutengenezwa kujibana kiasi hicho. Ukilazimisha nati kwa spana, mdomo wa koleti unabana mbele peke yake, nyuma kunabaki hewa. Shina limeshikwa kwenye ukingo mwembamba, si kwa urefu wake wote. Mashine itawaka, itakata, na mita mbili za kwanza utaisifia. Kisha joto na mtikisiko vinaanza kulitoa shina kidogo kidogo. Kama ruta imefungwa chini ya meza, biti ikitokeza juu, basi biti inazidi kupanda na kina cha nakshi kinaongezeka huku wewe unaendelea kusukuma ubao kwa imani.

Biti ya 12.7 kwenye koleti ya 12 angalau inagoma kuingia, na hapo umeokoka. Tatizo ni wanaolipiga shina msasa mpaka liingie. Shina lililopigwa msasa si duara tena, na kwa mizunguko 20,000 kwa dakika hicho si kitu cha kusimama nacho karibu.

Hatari zaidi ni ndogo hizi: biti ya 6 kwenye koleti ya robo inchi. Tofauti ya 0.35 haionekani kwa macho, na ruta ndogo za mkono huzunguka hadi mara 30,000 kwa dakika. Biti ikichomoka hapo, haichagui upande wa kwenda.

Ya 8 ndiyo yenye amani. Pacha wake wa inchi ana milimita 7.94, kwa hiyo ukikosea haidhuru. Asiyejua kesho atanunua biti duka gani, na hakusudii kukata nakshi kubwa kwa mkupuo mmoja, koleti ya 8 itamlaza usingizi.

Kwa nini konisi inaumbua kuliko kazi nyingine

Piga hesabu ya chumba cha mita 4 kwa 3.5. Mzunguko wake ni mita 15. Ongeza asilimia 15 kwa makato ya kona na mafundo ya kurukwa, unapata kama mita 17, yaani mbao tano za futi 12. Konisi ya karakana ya nyumbani haichongwi kwenye gogo moja. Inaundwa kwa ubao wa nyuma ulio bapa, kipande cha kati chenye mbonyeo, na kifito chenye nundu cha kumalizia chini. Vipande viwili kati ya hivyo vina nakshi. Kila kimoja kinapitishwa kwenye biti si chini ya mara tatu, kwa sababu ukikata kina chote kwa mara moja nyuzi zinang'oka, hasa penye fundo. Jumla unakaribia mita 110 za kukata kwa chumba kimoja.

Sasa biti ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila ubao, ubao wa tano utakuwa umepishana na wa kwanza kwa karibu nusu milimita. Na kwa kuwa fundi huanza kona moja akazunguka chumba, ubao wa mwisho ndio unaokuja kukutana na wa kwanza. Fremu ya mlango ingekusamehe. Konisi haisamehe. Kama ni ya kupaka rangi, puti itaficha kiasi. Kama ni mninga au mtiki wa kupigwa vanishi, hakuna cha kuficha.

Paini yetu inaongeza neno. Mbao nyingi zinazotoka Sao Hill, lile shamba la miti la Mafinga, na kwenye mashamba ya Njombe zina utomvu, na biti ikipata moto utomvu unalainika, unapanda shinani na kuingia kwenye mipasuko ya koleti. Ukikauka humo, koleti haibani sawasawa tena hata kama kipimo chake ni sahihi. Baada ya kila chumba toa koleti, iloweke kwenye tapentaini au mafuta ya taa, sugua ndani kwa mswaki mkuukuu, ikaushe kabisa. Usiipake grisi wala oili. Koleti yenye mafuta ni koleti inayoteleza.

Vipime dukani, si nyumbani

Nenda na vernia, kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita, na biti yako mwenyewe. Pima shina la biti kwanza, kisha omba nati ya ruta ifunguliwe na koleti itolewe mkononi mwako. Hesabu mipasuko: yenye mipasuko mingi hubana shina pande zote, yenye miwili au mitatu hulibana kwa viraka. Tia shina ndani kwa vidole. Linatakiwa kuingia kwa kusugua kidogo, bila kucheza. Likicheza kabla ya kukaza, kipimo si chake.

Kisha rudisha koleti, tia biti mpaka iguse chini, ivute juu milimita 2 au 3, ndipo ukaze. Biti iliyokaa chini kabisa hukazwa kwa uongo, kwani koleti ikikazwa hulivuta shina kwenda chini, na likiwa halina pa kwenda halibanwi ipasavyo. Shina lizame angalau milimita 20.

Mwisho, ruta ikiwa haijachomekwa, simamisha kikwadrati, kile kipimo cha pembe mraba, karibu kabisa na shina na uzungushe mhimili kwa mkono. Tazama mwanga unaopita katikati. Ukiwa unapanuka na kujibana, mhimili au koleti imepinda, rudisha boksi kwenye rafu. Muuzaji akikataa usifanye hivyo, umeshapata jibu.

Bushi za kupunguza, vile vimrija vya kuvalisha shina jembamba ili lienee koleti kubwa, kutoka 12 kwenda 8 au 6, zinafaa kwa biti ndogo za kulainisha ukingo. Usizitumie kwa biti ya konisi. Umeongeza mbano wa pili juu ya wa kwanza, na kila mmoja una upotofu wake.

Orodha yangu

Ya kwanza ni Makita RP2301FC, na sifichi kwamba naipendelea. Ina wati 2,100 na mwendo unaorekebishwa kutoka mizunguko 9,000 hadi 22,000 kwa dakika. Mwendo huo ndio kiini cha jambo: biti yenye kipenyo cha hadi milimita 25 inaweza kukimbia, ya milimita 25 hadi 50 ishushwe kwenye 18,000, na inayozidi hapo ishuke zaidi, mpaka 12,000 kwa zile pana kabisa. Inaanza polepole, kwa hiyo hairuki mkononi na haiumizi jenereta. Ikipata mzigo inashikilia mwendo wake, na hapo ndipo alama nyeusi za kuungua zinapopungua kwenye mbonyeo. Uzito wake unachosha mkononi, lakini kwa konisi itakaa chini ya meza. Angalizo ni moja tu: hutengenezwa kwa koleti ya 12 kwa masoko fulani na nusu inchi kwa mengine, na zote mbili unaweza kukutana nazo kwenye rafu moja. Soma kilichochongwa kwenye koleti yenyewe. Boksi si ushahidi.

Ya pili ni Bosch GOF 130, wati 1,300, mizunguko 11,000 hadi 28,000, koleti ya 8. Haitabeba biti pana ya kukata nakshi nzima kwa mara moja, wala usiilazimishe. Kwa konisi ya vipande vitatu, yenye mbonyeo wa kawaida, inatosha. Ongeza tu idadi ya kupitisha ubao, mara nne au tano badala ya tatu. Shina la 12 ni gumu kupinda mara tano zaidi ya la 8, kwa hiyo ukisukuma ubao kwa haraka biti itatetemeka na kuacha mawimbi madogo kama ya maji.

Makita M3600 naiweka ya tatu kwa huzuni. Ina wati 1,650, ni imara, na bei yake iko chini ya ile ya kwanza, lakini inazunguka 22,000 tu, haipungui. Biti pana haiziwezi kwa usalama. Mwenye biti zisizozidi milimita 25 hatajuta.

DeWalt DW625 ni mashine nzito yenye mwendo mzuri wa 8,000 hadi 20,000. Kabla ya kulipa uliza kama muuzaji ana koleti ya akiba. Kama hana, pita.

Makita RT0700C, ile ndogo ya wati 710, ni mashine ya pili na si ya kwanza. Kwa kifito cha chini na kulainisha kingo ni tamu sana. Kwa mbonyeo wa konisi inachemka.

Za bei ya chini zisizo na jina la kueleweka: nunua kama una kazi ya chumba kimoja na koleti imepita vipimo vyote vya hapo juu. Nyingi hazipiti.

Ruta za mtumba zina habari yake. Zinazotoka Uingereza zenye plagi ya njano ni za maeneo ya ujenzi, zinatumia volti 110. Za Japani ni volti 100. Ukizichomeka kwenye umeme wetu wa 230 zinaungua hapohapo, na transfoma ya kubeba wati 2,100 bila kuzidiwa ni ya kVA 3, mzigo unaokula faida yote ya mtumba.

Wauzaji watusikie

Kuna mchezo unaochosha. Ruta hutoka kiwandani na koleti yake, spana na mara nyingine bushi. Unafika dukani boksi limeshafunguliwa, ndani kuna mashine peke yake, na koleti iko kwenye kabati la kioo inauzwa kivyake. Ukiuliza unaambiwa "inakujaga hivyo". Haiji hivyo. Fungua kitabu cha maelekezo kwenye ukurasa wa vifaa, mwonyeshe, na udai kilichoandikwa.

La pili ni bei isiyobandikwa. Pale Mwanjelwa, sokoni Mbeya, unaweza kutoka duka moja kwenda la jirani ukakuta mashine ileile, rangi ileile, bei zimeachana kwa kiasi cha kununulia mbao za sebule nzima, na ukirudi la kwanza umevaa ovaroli yenye vumbi la randa bei imeshuka. Fundi wa Tukuyu au Makete aliyepanda basi alfajiri hana muda wa kuzunguka maduka sita. Anabeba anachopewa, na akigundua kwamba koleti ni ya 12 wakati biti zake zote ni nusu inchi, nauli ya kurudi inamfanya anyamaze. Wenye maduka wanalijua hilo.

Wapo pia wanaouza nakala kwa bei ya halisi. Rangi ya kijani-bluu ya Makita inaigwa kirahisi kuliko chochote. Tazama bamba la namba: maandishi yawe safi, wati na mizunguko vilingane na modeli, namba ya mashine ilingane na ya kwenye boksi. Zungusha mhimili kwa mkono usikilize beringi. Zinazokwaruza zikiwa mpya hazitapona.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kabla haijachapwa mwambie muuzaji aandike modeli kamili pamoja na kipenyo cha koleti, 12 au 12.7, kwa tarakimu. Wengi watasema mashine haina nafasi ya kuandika hayo. Basi aandike kwa kalamu nyuma ya risiti, agonge mhuri wa duka. Mkifika nyumbani ikawa ni nyingine, hapo utakuwa na cha kurudi nacho.