Bega bandia linalorudiwa: kipimo cha damu au vipande vya nyama?

Bega bandia linapofanyiwa upasuaji tena, swali ni kama lina maambukizi. Kipimo cha damu (CRP na ESR, vinavyopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) ni chepesi: maabara nyingi za Dar hukifanya na majibu hutoka haraka. Kikipanda, fuatilia. Kikiwa cha kawaida, usishangilie. Mdudu anayesumbua bega bandia zaidi, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, anaishi kwenye vinyweleo vya ngozi, hasa ya wanaume, na huambukiza kimyakimya: hakuna homa wala usaha, ni maumivu na bega kukaza tu.

Mimi nategemea zaidi vipande vya nyama vinavyochukuliwa wakati wa upasuaji. Viwe vitano hivi, kutoka sehemu tofauti, kila kimoja kwa kifaa safi na chupa yake. Maabara huvipanda kwenye sahani kuona kama mdudu ataota. Kimoja tu kikiotesha, huenda ni uchafu wa ngozi. Viwili vikitoa mdudu yuleyule, hapo pana jambo. Maabara isubiri hadi siku 14, maana mdudu huyu huota polepole; ikitupa sahani siku ya 5, anaponyoka bila kuonekana.

Tatizo letu ni duka la dawa la mtaani. Mgonjwa akimeza amoksilini siku chache kabla ya upasuaji, vipande vinaweza visioteshe kitu. Muulize mapema, na ndugu yake pia.