Numbeo na mshahara wa Lubumbashi: hesabu yake inakufikisha wapi

Mtu wa Bukavu au Goma akiitiwa kazi Lubumbashi, siku hizi anafungua Numbeo, tovuti inayolinganisha gharama za maisha za miji, anaweka miji miwili kando kwa kando, anasoma ule mstari wa juu: mwenye kiasi hiki hapa atahitaji kiasi fulani kule ili aishi maisha yale yale. Mstari huo una masharti, na wengi wanayaruka.

Sharti la kwanza ni kwamba unapanga nyumba katika miji yote miwili. Anayekaa kwenye parsele (kiwanja) ya familia kule Kadutu, Bukavu, halipi chochote, kwa hiyo kodi ya nyumba ya Lubumbashi inamwangukia nzima. Sharti la pili ni kwamba mshahara unaolinganishwa ni wa mkononi, baada ya makato. Kampuni nyingi hutaja mshahara ghafi. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 5% upande wa mfanyakazi, kisha inafuata kodi ya mshahara inayopanda kwa ngazi. Omba kiasi cha mkononi kwa maandishi, pamoja na sarafu na kiwango cha kubadilishia, maana kodi ya nyumba mara nyingi inadaiwa kwa dola na sokoni unalipa faranka.

Kuhusu chakula, kapu la Numbeo limefumwa kwa ajili ya meza ya mtu mwingine: maziwa, jibini, divai, matufaha, kapuchino, hata mlo wa McDonald's au unaofanana nao, wakati Kongo haina McDonald's. Makala, yaani mkaa, hayamo. Unga wa mahindi haumo. Mawese na sombe (majani ya muhogo) pia. Familia inayopika kilo 1.8 za unga kwa siku inamaliza mfuko wa kilo 25 ndani ya wiki mbili, basi weka mifuko miwili na ziada kila mwezi. Bei ya mfuko huo inafuata mpaka wa Kasumbalesa: Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, kama wakati wa ukame wa 2024, Lubumbashi nzima inasikia. Wastani wa miezi 12 unafunika mpando wa namna hiyo, na familia inakula kwa bei ya leo.

Mstari wa umeme, maji na takataka kwa nyumba ya mita za mraba 85 unafikiria fakture (bili) moja tu. Lubumbashi hesabu zaidi: SNEL (shirika la umeme), makala ya kupikia umeme ukikatika, na petroli ya jenereta au sola. Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali na maji ya kuoga yanapashwa moto. Mvua zikianza, makala yanafika mjini kwa shida na bei inapanda. Kabla ya kukubali nyumba, waulize majirani (komisionea, yaani dalali, hatakwambia) umeme unakuja saa ngapi, maji ya REGIDESO (shirika la maji) yanatoka siku zipi, na foraji (kisima cha kuchimbwa) ya karibu iko wapi. Nyumba ya bei nafuu isiyo na maji inakula tofauti hiyo kwa madumu.

Sehemu inayoumiza zaidi, na Numbeo haiigusi kabisa, ni pesa za kuingilia. Sheria ya Kongo ya 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti (amana anayoshika mwenye nyumba) ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi 3, lakini wenye nyumba wanaodai zaidi hawakosi. Chukua mfano wa nyumba ya dola 250 kwa mwezi: garanti 750, mwezi wa kwanza 250, komisionea mwezi mmoja 250. Tayari ni 1,250 hata godoro hujanunua. Garanti ikiwa ya miezi 6, jumla ni 2,000. Mshahara wa dola 800 unaweza kutosha kila mwezi na bado ukashindwa kukuingiza mjini, hasa ukilipwa mwisho wa mwezi. Hapo ndipo mikopo ya riba kali inapoanzia. Kwa hiyo jadili mapema: Kanuni ya Kazi ya 2002 inaweka gharama ya safari ya mfanyakazi na familia yake, kutoka alikoajiriwa hadi kazini, juu ya mwajiri. Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na malazi na malipo ya awali ya garanti.

Usafiri ni hesabu fupi. Ukiunganisha magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku 26 za kazi ni nauli 104. Anayeishi mtaa wa Ruashi na kufanya kazi mtaa wa Golf aanze na hiyo.

Pale Numbeo inaposaidia ni kwenye intaneti, petroli, mikahawa na kodi za nyumba za katikati ya mji. Lakini shuka hadi chini ya ukurasa uone watu wangapi wamechangia na tarehe ya mwisho. Wachangiaji wakiwa wachache, acha wastani, soma safu ya bei ya chini na ya juu, ushike ile ya juu. Ukilinganisha na Goma au Bukavu kuwa makini zaidi: tangu mapema 2025, benki zilipofungwa huko, bei zilizoingizwa kabla hazisemi kitu.

Alama tunazoipa Numbeo kwa Lubumbashi: 4 kati ya 5 kwa kupata picha ya kwanza, 1 kati ya 5 kwa kusaini mkataba.