Sanduku la majaribio ya umeme: vifaa vinafaa, kadi zibaki kabatini

Masanduku ya majaribio ya umeme yanayouzwa mjini Unguja kwa ajili ya skuli za msingi yanafanana mno: kishikio cha betri mbili, globu tatu ndogo na vitako vyake, nyaya sita zenye vibanio vya meno, swichi, taa ya LED moja au mbili, na vipande vya chuma, shaba, alumini na plastiki. Sanduku moja linatosha wanafunzi wanne. Wakizidi hapo, wawili hufanya kazi na waliobaki hutazama. Darasa la watoto 48 basi linataka masanduku 12, au nusu ichore na kubashiri huku nusu nyengine ikijaribu.

Kwa vifaa, pesa haipotei. Tatizo ni zile kadi za maelekezo zinazokuja na sanduku. Kila kadi inamwonesha mtoto pa kuunganisha waya, kisha inamtajia atakachokiona. Sasa achunguze nini? Somo la kwanza lipe kila kundi betri moja, waya mmoja na globu isiyo na kitako, uwaambie waiwashe. Kabla ya kugusa chochote, kila mmoja achore anavyodhani itawaka. Wengi watachora waya unaotoka kichwani mwa betri hadi chini ya globu, basi. Haitawaka. Ndipo watakapoanza kuigeuzageuza na kugundua kuwa globu ina sehemu mbili za kuguswa: ncha ya chini na ubavu wa chuma. Dakika 15 za kipindi cha dakika 40 ziende hapo, na mwalimu avumilie. Akiulizwa "Hivi sawa?" arudishe "Umejuaje?" Wabishane kwa Kiswahili, istilahi za mtihani zitafuata wakishajua wanachokizungumza.

Globu zikague kabla ya somo la sakiti mfululizo, yaani globu zikifuatana kwenye njia moja ya umeme. Zimeandikwa shingoni, kwa herufi ndogo sana, na sanduku moja linaweza kuchanganya za volti 2.5 na za volti 3.8, zote za ampea 0.3. Ukiziunga mfululizo, ile ya 3.8 itang'aa zaidi kwa sababu ukinzani wake (jinsi inavyouzuia umeme kupita) ni mkubwa, na watoto watasema: "Iliyo karibu na betri imekula umeme mwingi." Usiwasahihishe. Waulize wabadilishe kitu kimoja tu ili wajue. Wakizibadilisha nafasi globu hizo, inayong'aa itabaki ni ile ile popote ilipo, na dhana ya umeme kuliwa njiani itavunjwa na wao wenyewe. Ukitaka mwangaza ulio sawa, tumia mbili zenye namba moja. Betri tatu kwa globu moja ya 2.5 zitaiunguza.

Vipande vya kupima upitishaji wa umeme vina majibu yaliyo wazi kupita kiasi, hakuna anayeshangaa. Ongeza moyo wa kalamu ya risasi, kijiko, kifuu cha nazi na kikombe cha maji ya bahari. Hapo kwenye maji ya bahari sanduku linadanganya: globu haitawaka, na darasa litaandika kuwa maji hayo hayapitishi umeme. Yanapitisha, ila kidogo mno kwa globu. Tumia LED nyekundu, betri tatu na rizista ya omu 220 (kijifaa cha kupunguza umeme unaopita; haimo sandukuni, inapatikana kwa mafundi wa redio). Mguu mrefu wa LED uelekee upande chanya, na vipande viwili vya shaba viwe sentimita moja kati yao. Sekunde chache zinatosha. Bila rizista, LED ikiunganishwa moja kwa moja na betri hizo tatu hufa.

Globu mbili sambamba, kila moja na njia yake ya umeme, huzichosha betri za kawaida upesi, na taa iliyofifia mwisho wa kipindi itachukuliwa kuwa ni matokeo ya jaribio. Swichi izimwe kila baada ya kuangalia, betri kuukuu zisichanganywe na mpya. Waya zisipelekwe kwenye soketi ya ukutani kwa hali yoyote, hiyo ni volti 230.

Upepo wa chumvi hula vibanio na vitako kabla ya kitu chengine. Taa ikikataa kuwaka, sugua kwa msasa kwanza kabla ya kulaumu betri. Skuli za pwani zihifadhi vifaa kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, na betri zitolewe kabla ya likizo. Zikivuja, kishikio ndicho kinachooza mwanzo.